Uzito ukigoma kupanda: seti na marudio kwa anayeanza kunyanyua chuma

Miezi ya mwanzo ya kunyanyua chuma humdekeza mtu. Jumatatu anapiga skwati, yaani anachuchumaa na kuinuka akiwa na kilo 40 mabegani, Jumatano 42.5, Ijumaa 45, na wiki ya pili anaendelea palepale alipoishia. Ratiba haina ugumu: seti 3 za marudio 5, yaani ananyanyua mara 5 mfululizo, anapumzika, na kufanya hivyo mara 3, siku tatu kwa wiki, na kila siku uzito unaongezwa kidogo. Halafu inafika siku rudio la nne linakwama katikati, wenzake wanakimbilia kumpokea chuma, na kuanzia hapo anatafuta ushauri. Ukipita jioni kwenye jimu za Sinza, Mwananyamala au Tandika jijini Dar es Salaam utausikia ushauri wenyewe. Ongeza seti. Punguza seti. Piga marudio 12 ili misuli ishtuke. Achana na skwati kwanza, nenda kwenye mashine. Nunua poda ya protini. Anayeshauri ana kifua kipana, na aliyesimama pembeni yake, mwenye kifua kipana vilevile, anasema kinyume chake.

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa mtu wake. Idadi ya marudio na idadi ya seti zina kazi mbili tofauti, na mkanganyiko unaanzia pale zinapohesabiwa kuwa kitu kimoja. Marudio ndani ya seti ndiyo yanayoamua ubebe uzito gani. Anayemudu kilo 80 mara 5 anaweza kutegemea kilo 84 au 85 kwa marudio 3, na kama 93 kwa rudio moja. Ukizidisha seti kwa marudio, kisha kwa kilo, unapata kazi yote ya siku: seti 3 za marudio 5 kwa kilo 80 ni kilo 1,200. Nguvu inadai vyote viwili, uzito unaokaribia ukomo wako na kazi ya kutosha kuulazimisha mwili ujijenge. Inadai pia jambo la tatu ambalo haliandikwi kwenye ratiba, nalo ni muda wa kupona. Aliyekwama ama amepungukiwa na kimojawapo, ama amekizidisha. Akibadilisha vyote kwa siku moja, hata akifanikiwa hatajua kilichomsaidia ni kipi.

Wiki za mwanzo nguvu hupanda haraka kuliko misuli inavyokua, kwa sababu kinachobadilika zaidi ni mishipa ya fahamu. Ubongo unajifunza kuamsha sehemu kubwa zaidi ya msuli ambao tayari unao, na kuzipanga nyonga, miguu na mgongo zisukume kwa pamoja. Faida hiyo huja haraka na huisha mapema. Baada yake kila kilo mpya inahitaji nyama mpya, na nyama hujengwa polepole. Wakati huohuo mzigo nao umekua. Seti 3 za kilo 40 zinakuachia uchovu unaoisha kwa siku mbili; seti 3 za kilo 100 zinakuachia uchovu ambao Jumatano bado upo. Ni kama deni dukani kwa Mangi: ukichukua unga kila siku na kulipa nusu, mwezi hauishi kabla hajakufungia daftari. Kwa hiyo kasi itapungua tu. Wengi huona hivyo kati ya mwezi wa tatu na wa tisa, na aliyefika hapo ameitumia vizuri nafasi yake ya mwanzo.

Soma daftari kabla ya kubadilisha chochote

Ninasisitiza sana daftari. La bei ndogo kabisa linatosha. Andika tarehe, zoezi, kilo, na marudio uliyoyamaliza katika kila seti, hata yale uliyoshindwa. Mtu akiniambia tu kwamba skwati yake imekwama kwenye 80, sina cha kumsaidia. Akinionyesha ukurasa, mara nyingi jibu limeshaandikwa humo na mkono wake mwenyewe.

Tuseme ukurasa unasoma hivi: Jumatatu, skwati 80, marudio 5, 4, 3. Jumatano, 80, marudio 5, 4, 2. Seti ya kwanza imekamilika, kwa hiyo nguvu ya kilo 80 anayo. Kinachomwangusha kipo kati ya seti na seti. Akiba ya haraka ambayo msuli huitumia kwa marudio machache mazito huchukua dakika 3 hadi 5 kujazwa tena. Kijana anayetaka kuwahi daladala hupumzika dakika moja na nusu, kisha anashangaa seti ya tatu imekufa. Kwake hakuna haja ya kugusa seti wala marudio. Apumzike dakika 5, na kwa skwati nzito hata 7. Wakiwa watu watatu wanaopokezana chuma kimoja, kama ilivyo kwenye jimu nyingi za mitaani, foleni hiyo inawasaidia kuliko wanavyodhani.

Ukurasa mwingine unasoma 4, 4, 3, na uliopita ulikuwa 4, 3, 3. Huyu ameshindwa tangu seti ya kwanza, akiwa hajachoka kwa lolote alilolifanya siku hiyo. Hapa uzito wenyewe ndio umemzidi, ama kwa kuwa ameruka hatua kubwa mno, ama kwa kuwa amekuja na uchovu wa siku zilizopita. Tofauti kati ya ukurasa huu na wa kwanza ni kubwa, na dawa zake hazifanani. Halafu kuna ukurasa wa tatu: 5, 5, 4 Jumatatu, na 5, 5, 5 Jumatano kwa uzito uleule. Huyo hajakwama. Alikuwa na siku mbaya, basi. Kurudia uzito mara moja au mbili ni sehemu ya kazi, na mtu asiguse ratiba kwa ajili ya rudio moja lililopotea.

Daftari halionyeshi mwendo wa mwili, kwa hiyo mwambie mwenzako akupige video kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Tazama rudio la nne. Ukiona nyonga zinapanda kabla ya kifua, chuma kinasogea mbele kuelekea vidole vya miguu, halafu mgongo unamalizia kazi ambayo miguu iliiacha, basi unachobeba kimezidi ufundi wako. Toa asilimia 10, rekebisha mkao, panda tena. Hakuna mpangilio wa seti utakaofidia hilo.

Na kuna maisha nje ya jimu. Anayeamka saa 10 alfajiri ili aiwahi foleni ya Mbagala au Kimara, akarudi nyumbani saa 3 usiku, analala saa chache kuliko mwili unavyohitaji ili ujenge kitu. Chakula nacho kina hesabu zake. Kwa anayejenga nguvu, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni lengo zuri, yaani kama gramu 112 kwa mtu wa kilo 70. Wali maharage wa mama ntilie wenye kipande kimoja cha nyama kwa kawaida haufiki theluthi ya hapo, na yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa, maziwa, mayai, samaki na maharage ya kutosha vinatosha kufika bila poda yoyote, ila lazima ule kwa makusudi. Joto la Februari, pale unyevu wa pwani unapolowanisha fulana kabla hujaanza, linapunguza marudio peke yake. Kunywa maji mapema, na usilihukumu zoezi kwa jioni moja ya namna hiyo.

Hatua ndogo, kisha kushuka

Karibu kila mara presi ya kusimama, yaani kusukuma chuma juu ya kichwa, ndiyo inayogoma kwanza, benchi presi, ya kukisukuma ukiwa umelala chali, inafuata, kisha skwati. Sababu yake ni hesabu. Kuongeza kilo 2.5 kwenye skwati ya 100 ni kuongeza asilimia 2.5. Kuongeza hizohizo kwenye presi ya 35 ni zaidi ya asilimia 7, na hakuna bega linalokua asilimia 7 kwa siku mbili. Mbaya zaidi, jimu nyingi sahani ndogo kabisa ya kupachika kwenye chuma ni ya kilo 2.5, na kwa kuwa sahani huwekwa pande zote mbili, hatua ndogo kabisa inakuwa kilo 5. Mtu anadhani amefika mwisho, kumbe ngazi yake haina vipago vya katikati.

Vipago vinatengenezeka. Nenda kwa mafundi chuma wa Gerezani, nunua washa kubwa, zile pete bapa za chuma zinazowekwa chini ya nati, zenye tundu linalopita kwenye ncha ya chuma chako, peleka dukani zipimwe kwenye mizani, kisha zifunge pamoja hadi zifike nusu kilo kila upande. Umepata hatua ya kilo moja. Ukiwa hapo dukani pima na sahani zako, hasa kama ni za zege za kumwaga kwenye kopo. Mbili zilizoandikwa 10 zinaweza kutofautiana kwa nusu kilo au zaidi, na unapohesabu kilo moja moja, tofauti hiyo inaharibu kila kitu. Zitie alama, utumie zilezile kila siku. Washa hizo zinaweza kumwongezea mtu miezi ya maendeleo kwenye presi bila kugusa seti wala marudio, na ninashangaa watu wanavyozidharau.

Hatua zikiwa ndogo na bado umeshindwa uzito uleule siku tatu mfululizo, shuka asilimia 10 na upande upya. Kutoka 80 rudi 72.5. Kushuka huku kunakupunguzia uchovu na kukupa wiki mbili za kusafisha mwendo, na wengi hupita pale walipokwama. Kunafaa pia baada ya malaria, safari au msiba uliokuweka nje ya jimu. Kwa Ramadhani ningefanya vingine: bakisha uzito karibu na uliopo, punguza seti kutoka 3 hadi 2, fanya mazoezi baada ya kufuturu. Nguvu hutunzwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga, mradi uzito haujashushwa sana. Lakini kushuka kuna kikomo chake. Ukishuka mara ya pili ukakwama palepale, mara ya tatu ni kupoteza muda, na hapo ndipo seti na marudio vinapostahili kuguswa.

Kuanza na siku ya kati

Badiliko la kwanza ninalolipendekeza kwa skwati ni dogo kiasi kwamba watu hawaliamini. Jumatatu na Ijumaa acha kama zilivyo, Jumatano ifanye nyepesi: seti 2 za marudio 5 kwa asilimia 80 ya uzito wa Jumatatu. Aliyekuwa akibeba 90 Jumatatu anabeba 72.5 Jumatano. Mwendo haupotei, damu inatembea kwenye misuli, na Ijumaa unafika ukiwa umepona. Wengi hupata wiki kadhaa za kupanda kwa badiliko hilo peke yake. Dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni, inatendewa hivyohivyo mapema zaidi, kwa kuwa inachosha kuliko zote: seti 1 nzito ya marudio 5, mara moja kwa wiki, inatosha.

Baada ya hapo ndiyo marudio. Wengi wakisikia wapunguze marudio wanatoka 5 hadi 3 na kuziacha seti zikiwa 3. Mtego uko hapo, na hesabu inauonyesha wazi. Seti 3 za 5 kwa kilo 80 zilikuwa kazi ya kilo 1,200. Seti 3 za 3 kwa kilo 85 ni 765. Umeongeza kilo 5 kwenye chuma, umepoteza zaidi ya theluthi ya kazi. Wiki mbili za kwanza utafurahi, kwa sababu uchovu umepungua na nguvu iliyokuwa imefunikwa nao inajitokeza: 85, 87.5, hata 90. Kisha inasimama ghafla, kwa kuwa hakuna kazi ya kutosha inayojenga nguvu nyingine mpya. Ulikuwa unatumia akiba. Mpangilio huo unamfaa anayejiandaa kupima ukomo wake mwisho wa mwezi. Anayetaka kupanda kwa nusu mwaka haumsaidii.

Njia iliyo salama ni kugeuza namba: kutoka seti 3 za marudio 5 kwenda seti 5 za marudio 3. Jumla ni marudio 15 yaleyale. Kwa 82.5 kazi inakuwa kilo 1,237.5, yaani imeongezeka kidogo, na hakuna seti inayofika kwenye lile rudio la nne na la tano ambako mwendo ulikuwa ukiharibika. Hii ndiyo dawa ya yule wa 4, 4, 3. Presi ya kusimama huipokea vizuri kuliko zoezi lolote.

Yule wa 5, 4, 3 ambaye ameshapumzika dakika 5 na bado anaanguka, dawa yake ni nyingine. Afanye seti 1 ya marudio 5 kwa uzito mpya, kisha atoe asilimia 5 hadi 10 na kumalizia seti 2 za 5. Uzito unapanda kupitia seti ya kwanza, kazi inatunzwa na mbili za mwisho, na haondoki jimu akiwa amevunjika.

Na kuongeza seti je? Kuna mtu wa hivyo pia, na mara nyingi kilichokwama kwake ni benchi presi. Analala, anakula, hana uchovu wowote, anamaliza 5, 5, 4 wiki baada ya wiki kwa uzito uleule. Benchi presi haiuchoshi mwili mzima kama skwati na dedilifti, kwa hiyo huenda kazi ndiyo inayompungukia. Ashushe asilimia 5, afanye seti 5 za marudio 5, kisha apande tena kwa hatua za kilo moja. Ushauri wa ongeza seti ulikuwa wake. Ule wa punguza seti ulikuwa wa mwenye skwati ya kilo 110 anayeshuka ngazi kwa kushika ukuta.

Hata walioanzisha utaratibu huu walipitia mabadiliko hayo. Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwarudishia nguvu askari wa Vita Kuu ya Pili, alieleza mwaka 1945 mpango wa seti 7 hadi 10 za marudio 10, uzito ukiongezwa hatua kwa hatua. Ilipofika 1948, yeye na daktari mwenzake Arthur Watkins walikuwa wameshuka hadi seti 3, wakiona marudio 20 hadi 30 yanatosha. Kanuni ya kuongeza mzigo ilibaki. Namba zilizoizunguka zilifuata walichokiona kwa wagonjwa wao.

Miili nayo haifanani. Wanawake wengi humudu marudio mengi zaidi kwenye uzito ulio karibu na ukomo wao kuliko wanaume, na uzito wa marudio 3 haupishani sana na wa 5. Kwao seti 5 za 3 huanza kufaa mapema, na hatua za kilo moja zinahitajika karibu tangu mwanzo. Aliyepita miaka 50 huvumilia uzito mkubwa vizuri kuliko wingi wa seti, kwa hiyo yeye apunguze seti na siku kabla ya kupunguza kilo: siku mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa, zinampeleka mbali.

Kutoka siku hadi wiki

Inafika wakati hata hayo yote yanaisha. Umetengeneza washa, umelainisha Jumatano, umegeuza 5 kuwa 3, na bado huwezi kupanda kila siku ya mazoezi. Kinachobadilika sasa ni kipimo cha muda: badala ya kupanda mara tatu kwa wiki, unapanda mara moja, na siku tatu za wiki zinagawana kazi. Jumatatu ni siku ya wingi, seti 5 za marudio 5 kwa asilimia 90 hivi ya uzito wako bora wa marudio 5. Jumatano ni nyepesi. Ijumaa ni seti 1 tu ya marudio 5, kwa uzito ambao hujawahi kuubeba mara 5.

Mwenye skwati bora ya kilo 100 kwa marudio 5 atabeba 90 Jumatatu, kazi ya kilo 2,250, Jumatano 72.5 kwa seti 2. Na Ijumaa 102.5 mara 5. Wiki inayofuata Jumatatu ni 92.5, Ijumaa 105. Jumatatu ndiyo inayojenga, Ijumaa ndiyo inayoonyesha kilichojengwa, na Jumatano inazipa siku hizo mbili nafasi.

Ijumaa ikigoma, rudi kwenye daftari uangalie Jumatatu. Kama seti ya nne na ya tano zilikuwa vita, ulifika Ijumaa ukiwa hujapona: toa asilimia 5 Jumatatu, au ubaki na seti 4, uiache Ijumaa kama ilivyo. Kama Jumatatu ulimaliza zote tano na ungeweza ya sita, kazi ilikuwa ndogo. Iongezee kilo 2.5 kabla hujaigusa Ijumaa. Na kama Jumatatu iko sawa lakini marudio 5 ya Ijumaa yamefika mwisho wake, Ijumaa ihamie kwenye seti 2 za marudio 3, uzipandishe wiki kwa wiki, zikigoma nenda kwenye seti 3 za marudio 2, kisha rudi kwenye seti 1 ya marudio 5 ukianza chini kidogo ya ulipoiachia. Muda wote huo Jumatatu inabaki kuwa ya marudio 5.